Umepewa kuongoza ufundishaji wa afya ya wanawake kwenye chuo kipya cha udaktari? Anzia leba, sio kwenye mtaala

Barua imetua mezani. Wewe ndo mkuu wa idara ya magonjwa ya wanawake na uzazi kwenye chuo ambacho rangi ya ukutani bado inanukia, wanafunzi wa kwanza bado wako kwenye anatomia na fiziolojia, mwakani wanaingia wodini, na amidi keshakuuliza mara mbili mtaala utakuwa tayari lini. Mi nimepita hapohapo. Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa kukaa ofisini miezi mitatu naandika mtaala mzuri wa kurasa kibao, afu siku wanafunzi wanaingia leba nikagundua nusu ya nilichoandika hakiwezekani kwenye ile hospitali, akina mama wenyewe wa kujifungua hawatoshi kwa idadi ya wanafunzi, na wakunga hawakuwa wameambiwa kama tunakuja. Waliolipia kosa lile ni wanafunzi, na wagonjwa pia. Ndo maana naandika hivi, kwa yeyote aliyepewa kazi hii hapa Tanzania au kwenye mazingira yanayofanana na yetu.

Hatua ya 1: Kaa leba wiki mbili kabla hujaandika mstari hata mmoja

Nasema kaa, sio kutembelea. Ingia zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, usiende kama bosi, nenda kama mtu wa zamu, vaa glovu ufanye kazi. Ukipata nafasi omba vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma hospitalini, cha 12 cha wodi ya wazazi, cha 6 cha wajawazito, cha 8 cha uzazi wa mpango, uhesabu mwenyewe miezi sita ya nyuma. Wangapi wamejifungua kawaida, wangapi kwa upasuaji, wangapi walitokwa damu nyingi, kifafa cha mimba wangapi, mimba zilizoharibika ngapi, na saa ngapi za siku. Hiyo ya saa watu huwa wanairuka na ndo muhimu kuliko zote.

Baada ya hapo piga hesabu. Chukulia mfano hospitali yako ya mkoa inazalisha 280 kwa mwezi na rotesheni, yaani zamu ya kundi kukaa idarani kwako, ni wiki 8 kwa kundi la wanafunzi 15. Kwa wiki hizo 8 utapata kama 560. Toa upasuaji, tuseme 180, wanabaki 380. Nusu yao wanajifungua usiku, kwahiyo mwanafunzi anayekuja saa mbili asubuhi na kuondoka saa tisa na nusu hawaoni kabisa. Logbuku yako, lile daftari la kusainiwa kazi alizofanya, inataka kila mwanafunzi azalishe 10, hao ni akina mama 150. Unaona zinatosha eeh? Sasa kumbuka kuna chuo cha uuguzi jirani kina wanafunzi 12 kwenye wodi hiyohiyo na kila mmoja anatakiwa azalishe 20, hao ni 240. Jumla 390, wakati walioko ni 380 hata ukihesabu na usiku. Yaani kabla hujafundisha neno moja tayari una wanafunzi wanaogombea mama mmoja, na anayeumia kwenye huo ugomvi ni yule mama aliyelala pale akiwa na uchungu.

Jibu la hesabu hiyo ndo litakalokuandikia mtaala. Kwetu jibu lilikuwa zamu za usiku za lazima, usafiri na kitanda cha kupumzikia vikiwa kwenye bajeti kabisa, makundi madogo, na vituo vya afya viwili vya pembeni vinavyofanya upasuaji ambako tunapeleka wanafunzi watatu watatu. Nenda na hizo namba kwa amidi. Kabla chuo hakijaomba TCU, tume ya vyuo vikuu, ruhusa ya kuongeza udahili, namba za leba ziwe mezani, maana ukinyamaza sasa hivi utakuja kulalamika wanafunzi wakiwa 120.

Hatua ya 2: Ongea na wakunga kabla ya kuongea na maprofesa

Sista inchaji wa leba ndo mwenye nyumba. Mkisalimiana vizuri chuo kitasimama, mkikosana hakuna barua ya mkurugenzi itakayokusaidia saa sita usiku. Mi nilienda kwa sista wetu na daftari tupu nikamuuliza swali moja tu, "Sista, madaktari wapya wakija hapa huwa wanakosea nini?" Alicheka, akavuta kiti, tukakaa saa nzima na nusu. Wanampima mama njia kila baada ya nusu saa bila sababu. Hawajui kumsikiliza mama mkono ukiwa juu ya tumbo, wanaangalia karatasi tu. Wanaogopa kuita mkubwa wao. Wanamuita mama "kitanda namba nne". Hayo yote niliyaandika na yote yapo kwenye mtaala wetu mpaka leo, tena baadhi kwa maneno yake yeye mwenyewe.

Kitu cha kufanya rasmi: wakunga wazoefu wapewe barua ya kuwa wakufunzi wa chuo, jina lao liwe kwenye ratiba, wasaini logbuku, na posho ya kufundisha itoke kwa wakati kama ya daktari anayetoka nje kuja kufundisha. Uzazi wa kawaida afundishe mkunga. Daktari bingwa anafundisha pale mambo yanapoharibika, ila kusubiri kwa utulivu, kumgeuza mama ubavu, kumsugua mgongo, kujua kwa kumsikiliza tu anavyohema kwamba sasa mtoto anashuka, huo ni ujuzi wa mkunga na mwanafunzi wa udaktari anatakiwa aupate kutoka kwa mwenye nao.

Hatua ya 3: Andika orodha ya saa nane usiku

Hii ndo roho ya kazi nzima. Mfikirie mwanafunzi wako miaka kadhaa mbele, kamaliza miaka 5, kamaliza mwaka mmoja wa mafunzo kazini, Baraza la Madaktari limempa usajili, kapangiwa hospitali ya wilaya ambako yeye ndo daktari pekee wa zamu. Ni saa nane usiku, umeme unakatika katika, bingwa wa karibu yuko saa tatu kwa gari. Mlango unafunguliwa analetwa mama. Lazima ajue kufanya nini kwa mikono yake, bila kumpigia mtu simu?

Sisi tuliandika hivi: damu nyingi baada ya kujifungua, kondo la nyuma lililogoma kutoka, kifafa cha mimba, mtoto aliyekwama bega, kitovu kilichotangulia, mtoto aliyetanguliza matako, mimba iliyotunga nje ya kizazi ikapasuka, mimba iliyoharibika inayotoa damu, uambukizo mkali baada ya kujifungua, upasuaji wa kumtoa mtoto, kumsaidia mtoto asiyelia, na kuamua nani apelekwe rufaa na lini. Hiyo orodha kila mwanafunzi anaipata siku ya kwanza. Kila kipindi, kila kituo cha mazoezi, kila mtihani lazima urudi kwenye mojawapo ya hayo. Mhadhara wa homoni za kondo la nyuma wa saa mbili ambao haurudi popote kwenye orodha niliupunguza ukawa dakika 40, na muda uliobaki ukaenda chumba cha mazoezi.

Angalizo dogo kuhusu chati. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu ambao uchungu wenyewe unahesabika umeshika kasi kuanzia sentimita 5, wakati patografu ya zamani ilianzia 4. Wodi nyingi mwanafunzi atakuta bado ya zamani. Fundisha zote mbili, na mwambie kwanini ilibadilishwa: wanawake wengi walikuwa wanaharakishwa na kupasuliwa kwa sababu ya mstari tu, wakati miili yao ilikuwa inaenda vizuri kwa mwendo wake.

Hatua ya 4: Fundisha Kiswahili cha mgonjwa

Tunafundisha kwa Kiingereza, mitihani Kiingereza, vitabu Kiingereza, afu mgonjwa anaongea Kiswahili, au Kisukuma, au Kimakonde. Mwanafunzi ana maneno yote ya kitabuni kichwani ila mama akimwambia "dokta nina chango" anaandika tumbo linauma, basi, anaendelea. Chango kwa mama mmoja ni maumivu ya hedhi, kwa mwingine ni kukosa mtoto, kwa mwingine maumivu ya chini ya kitovu yanayokuja akikutana na mume. Lazima amuulize, "Mama, hilo chango linakuwaje, linaanza lini, linaondokaje?"

Kaa na wanafunzi mtengeneze daftari la maneno. "Nimepitiliza siku." "Natoka uchafu." "Siku zangu zinakuja mabonge." "Kizazi kimeshuka", wengine wanasema "kuna nyama inatoka nikichuchumaa". "Mimba imetoka", hapo usikimbilie kuuliza imetokaje. "Mtoto hachezi." Na mwanamke wa miaka hamsini anayesema "mwili unawaka moto usiku" hana malaria kila mara, huyo siku zake zinakoma na amepewa dawa za malaria mara tatu mwaka huu.

Halafu kuna maneno ya kutokusema. Usimuulize mama "ulikuwa unangoja nini" hata kama amechelewa siku tatu. Ukishamuuliza hivyo hatakwambia kwamba alikuwa anasubiri shemeji apate hela ya bodaboda, atanyamaza, na wewe utakosa historia nzima.

Hatua ya 5: Ruhusa, na heshima ya mwili wa mtu

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kilichonifanya niipende na wakati mwingine niumie na hii kazi.

Nikiwa mwanafunzi, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, tulikuwa kumi na mmoja tumezunguka kitanda. Mwalimu alisema huyu ana uvimbe kwenye kizazi, pimeni wote. Hakumuuliza. Yule mama alichukua ncha ya khanga yake akajifunika uso, akaishika kwa meno, na tukampima mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa wa nane. Nilihisi uvimbe, nikaandika kwenye daftari, nikapata maksi. Nikitoka niliangalia nyuma, alikuwa bado ameng'ata ile khanga, na mguu mmoja unatetemeka. Sikumwambia hata asante. Ile khanga ilikuwa ya njano yenye maua meusi, naikumbuka kuliko uvimbe wenyewe.

Kwahiyo kwetu kuna sheria ambazo hazina mjadala, zimebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kupimia, na mwalimu akivunja anaandikiwa kama mwanafunzi tu. Mama anaombwa ruhusa akiwa amekaa, amevaa nguo zake, kabla hajapanda kitandani, sio akiwa ameshalala miguu juu. Anaambiwa huyu ni mwanafunzi, jina lake fulani, na kwamba akikataa atahudumiwa vilevile. Mwanafunzi mmoja tu anapima kwa ajili ya kujifunza, wa pili ni kama mama mwenyewe amekubali tena. Kuna mtu wa kike chumbani muda wote. Pazia linafungwa, na kama hakuna pazia hakuna kupima kwa kujifunza. Mama aliyelala kwa dawa ya usingizi kwenye chumba cha upasuaji hapimwi na mwanafunzi bila kusaini kabla, hilo hata bingwa aje na hasira zake.

Watu huuliza, sasa wanafunzi watajifunzia wapi? Kwanza kwenye mdoli. Sponji, soksi, chupa ya plastiki iliyokatwa na kipande cha ngozi bandia vinatosha kumfundisha mtu mikono yake iende wapi. Pili, akina mama wanakubali kuliko tunavyodhani, ukiwaomba kama watu. Wengi wanasema "pima tu mwanangu ujue, kesho utamsaidia mwingine".

Na wavulana. Maeneo mengine, na pwani hasa, mama atakataa kupimwa na kijana wa kiume. Ana haki. Ila usimwache yule kijana amalize rotesheni hajashika mgonjwa, maana yeye ndo anaweza kuwa wa zamu pekee siku moja. Mpange na mkunga mwenye umri, aingie kwenye kliniki ambako ametambulishwa tangu asubuhi, ajifunze kuomba vizuri. Wanafunzi wa kiume wanaokataliwa mara nyingi ni wale wanaoingia bila hodi.

Hatua ya 6: Chumba cha mazoezi, kwa vitu vilivyopo

Usisubiri mfadhili. Zoezi langu ninaloliamini kuliko yote linahitaji khanga, beseni na juisi ya rozela. Unapika rozela, inatoka nyekundu nzito. Kabla wanafunzi hawajaingia unapima mililita 500 unamwaga kwenye khanga iliyokunjwa chini ya mdoli, 300 nyingine kwenye beseni lenye maji kidogo, 200 kwenye pedi na sakafuni. Wanaingia, unawauliza amepoteza damu kiasi gani, kila mmoja aandike kwenye karatasi asioneshe mwenzake. Khanga inameza, juu inaonekana kama imelowa tu. Unakuta wengi wanaandika 400, 500. Halafu unaikamua ile khanga mbele yao kwenye jagi la vipimo, taratibu, wanaangalia mistari inavyopanda, unajumlisha na zile za beseni, pedi na sakafuni. Ikifika lita moja chumba kinakuwa kimya, na hapo ndo unaanza kufundisha.

Unawaambia macho yanadanganya, ndo maana siku hizi kuna ule mfuko wa plastiki wenye mistari unaowekwa chini ya makalio baada ya mtoto kutoka. Utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ulionesha kwamba ukipima damu mapema na kufanya matibabu yote kwa pamoja badala ya moja moja ukisubiri, yale madhara makubwa ya kutokwa damu yanapungua kwa asilimia 60. Matibabu yenyewe hakuna jipya: kukanda kizazi, oksitosini ya kukibana, traneksamiki asidi ya kusaidia damu kuganda gramu 1 kwenye mshipa, dripu, kukagua damu inatoka wapi na kuita mkubwa. Jipya ni kutokusubiri. Fanya hilo zoezi kwa kundi la watatu, saa ya ukutani ikihesabu, mmoja anakanda, mmoja mshipa, mmoja anaita kwa sauti na kuandika. Rudia mpaka wasigongane.

Na oksitosini fundisha pamoja na friji. Inatakiwa ikae nyuzi 2 hadi 8. Mpeleke mwanafunzi kwenye friji ya wodi asome kipimajoto yeye mwenyewe, afu aulize umeme ulikatika lini. Dawa iliyokaa dirishani juani utamchoma mama na damu itaendelea.

Zoezi la pili ni magneziamu ya kifafa cha mimba, hapa wengi wanakosea hesabu. Chupa yetu ya kawaida ni asilimia 50, mililita 10 zina gramu 5. Kuanzia unahitaji gramu 4 kwenye mshipa polepole, kwahiyo unavuta mililita 8, unaongeza maji ya sindano 12, zinakuwa 20. Afu gramu 5 kila kalio na lidokaini kidogo. Kabla ya dozi inayofuata anaangalia pumzi zisiwe chini ya 16, goti linaruka ukiligonga, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti, ya kumwokoa magneziamu ikizidi, iwe mezani, sio stoo ambayo funguo kaenda nazo mtu nyumbani. Wafanye hii hesabu kwa sauti, usiku, wakiwa wamechoka. Nawapangia saa tatu usiku makusudi.

Puto la kondomu, la kuzuia damu ndani ya kizazi, nalo usiache. Kondomu, katheta, uzi na dripu, mbinu iliyoasisiwa na Sayeba Akhter wa Bangladesh, daktari aliyekuwa hana hela ya kununua vifaa vya bei mbaya. Nawaambia wanafunzi jina lake na nchi yake kila mwaka, wajue kwamba suluhisho linaweza kutoka kwenye wodi inayofanana na ya kwetu.

Hatua ya 7: Mwanamke sio mimba tu

Rahisi sana idara nzima ikawa leba, kwa sababu leba ina kelele na dharura. Lakini mwanamke anaishi miaka mingi asipokuwa mjamzito. Kaa na idara ya magonjwa ya ndani mkubaliane nani anafundisha presha na kisukari baada ya mimba, na wa upasuaji mgawane titi, na wa afya ya akili mkubaliane huzuni baada ya kujifungua ifundishwe wodi ya wazazi kwa mgonjwa halisi, maana mama anayelia kila siku na hataki kumshika mtoto huambiwa ana deko.

Saratani ya mlango wa kizazi ipe siku zake kamili, ndo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kuna lengo la dunia la 2030 linaitwa 90-70-90: wasichana asilimia 90 wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, wanawake asilimia 70 wapimwe, na asilimia 90 ya wenye tatizo watibiwe. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 tukaenda kwenye dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Mwanafunzi aende shuleni siku ya chanjo, asikie wazazi wanauliza nini, hasa lile la kwamba chanjo inaua uzazi, ajifunze kujibu bila dharau. Afu aende kliniki apake siki ya maabara kwenye shingo ya kizazi, asubiri dakika nzima kwa saa, aone ile sehemu inavyogeuka nyeupe. Dakika moja ni ndefu kuliko unavyofikiri, wengi wanachungulia sekunde 20 wanasema hakuna kitu.

Fistula, tafuta namna kila kundi lionane hata na mgonjwa mmoja, kwa ruhusa yake. CCBRT Dar es Salaam na Bugando Mwanza wanafanya huo upasuaji miaka mingi. Mwanafunzi akiongea na dada wa miaka 20 ambaye mkojo unamtoka bila kujizuia kwa sababu alikaa na uchungu siku mbili kijijini, hahitaji tena kuelezwa kwanini rufaa isicheleweshwe.

Hatua ya 8: Mambo mazito yasirukwe

Kikao cha vifo vya akina mama. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waingie, wakae nyuma, wasikilize, wasitoke na jina la mtu. Kabla waeleze namba: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, wa 2022 ukakuta 104. Ni hatua kubwa sana na wafahamu ilivyopatikana, vituo vya afya vingi vilianza kufanya upasuaji, watu wengi walijifungulia hospitali. Afu wakae kwenye kikao wasikie habari za mmoja tu, saa kwa saa, alifika lini, nani aliitwa, damu ilikuwa wapi. Kikao kikigeuka cha kutafuta mchawi, mkatize mwenyekiti kwa heshima, maana mwanafunzi akijifunza pale kwamba ukisema ukweli unaadhibiwa, ataficha maisha yake yote.

Mimba zilizotolewa: sheria yetu hairuhusu isipokuwa kuokoa maisha ya mama, na wanafunzi waijue. Lakini kumtibu anayekuja anatoka damu, kwa sababu yoyote ile, ni wajibu. Mkono unaosafisha kizazi usiwe na hasira, na dawa ya maumivu ni yake kama ya mtu mwingine yeyote. Hilo nalisema kwa sauti kwa sababu nimeona wanaofanyiwa bila dawa kama adhabu.

Ukatili: mwanafunzi ajue PF3, ile fomu ya polisi, ajue kituo cha mkono kwa mkono cha kuhudumia waliofanyiwa ukatili kiko jengo gani, na ajue kwamba matibabu hayasubiri fomu. Na ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa wasichana chini ya miaka 18 tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ajifunze kumzalisha mama aliyekeketwa bila kuita wenzake waje kushangaa.

Hatua ya 9: Mtihani

Fupi tu. Wanafunzi wanasoma kile unachopima. Kwenye mtihani wa vituo, vituo visivyopungua vitatu viwe kwa Kiswahili na mama wa kuigiza, tunawafundisha akina mama wa mtaani na wakunga wastaafu, na yule mama anatoa maksi zake mwenyewe: alinisalimia, aliniuliza, aliniruhusu niseme. Mwanafunzi akifanya kila kitu sawa ila hakuomba ruhusa, amefeli kituo hicho. Mwaka wa kwanza walilalamika, mwaka wa pili nikaona wanafanya mazoezi ya kuomba ruhusa kwenye korido za hosteli.

Hatua ya 10: Wapigie simu

Wanafunzi wa kwanza wakishaenda mafunzo kazini, subiri miezi mitatu, afu wapigie mmoja mmoja jioni wakiwa wametoka zamu. Swali moja: kitu gani kilikukuta ukawa hujui? Usijitetee, andika. Nilitegemea wataniambia upasuaji, au kondo lililogoma. Wachache walisema hivyo kweli, na tuliongeza mazoezi. Lakini dada mmoja aliyekuwa hospitali ya mkoa mbali sana alinyamaza kidogo kwenye simu, afu akasema, "Dokta, mtoto alifia tumboni, mama akaniuliza naweza kumshika? Sikujua nimjibu nini, nikasema ngoja nimuulize sista."

Sasa hivi Alhamisi saa nane mchana, wiki ya tano ya rotesheni, ratiba inasema hivyohivyo: kumkabidhi mama mtoto aliyefariki. Anafundisha yule sista inchaji. Anakuja na khanga safi mbili, anamkunja mdoli, anaonesha namna ya kuacha uso wazi, afu anawaambia wamuulize mama kama mtoto alishapewa jina.